Mkongo ulipita baharini, Mkunya tukabaki tunasikia

Najua nimekuwa kimya. Kazi za gazeti zilinibana, halafu nikachukua likizo nikaenda nyumbani, Mkunya, wilaya ya Newala. Nimerudi Dar na jambo moja linanikera, na leo naomba mnivumilie kwa sababu ni refu kidogo. Chukueni chai.

Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alimaliza kidato cha sita. Alifaulu vizuri na chuo akapata. Kilichobaki ni mkopo, maana mama mdogo ni mkulima mwenye mikorosho isiyozidi arobaini, na ada ya chuo kikuu hailipwi kwa mikorosho arobaini. Maombi ya mkopo siku hizi yanafanyika kwenye mtandao tu. Hakuna dirisha la karatasi.

Nyumbani kwao kuna simu moja, kiswaswadu cha tochi. Kwa hiyo binti alipanda bodaboda mpaka Newala mjini, kwenye steshenari moja inayojazia watu fomu. Safari ya kwanza ilikuwa ya kujaza na kuchapisha. Akarudi kijijini kutafuta sahihi: mtendaji, mdhamini, hakimu. Safari ya pili ilikuwa ya kuzipiga skani karatasi na kuzipandisha. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda. Kijana wa steshenari akajaribu, akajaribu tena, mwisho akatamka maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Kesho yake mtandao ulikuwepo, umeme haukuwepo. Keshokutwa yake vyote viwili vilikuwepo, ila dirisha la maombi lilikuwa limefungwa tangu saa sita usiku.

Mjomba ndiye aliyenipigia kunipa habari. Nikamjibu kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwambia mimi nina intaneti ofisini saa zote, kwa nini hamkunitumia hizo karatasi mapema? Kazi ile ningeimaliza kwa dakika ishirini. Akanyamaza kidogo. "Sasa mjomba," akaniambia, maana kwetu anayeita na anayeitwa wote ni mjomba, "hizo karatasi tungekutumia kwa njia gani?"

Sikuwa na jibu. Ningezipata kwa mtandao ule ule uliokuwa unasumbua.

Binti amekaa nyumbani mwaka mzima akiokota korosho. Mimi nimeandika habari ngapi gazetini zenye maneno "dunia imekuwa kijiji"? Nyingi. Sijawahi kuuliza barabara ya kuingia kwenye kijiji hicho inapita wapi. Basi safari hii nimejaribu kuuliza.

Tuanze na msingi. Wengi tunadhani intaneti iko hewani. Simu haina waya, kwa hiyo tunaona kama habari zinaelea tu juu ya mikorosho. Hewani ni kipande kifupi cha mwanzo, kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mnara. Baada ya hapo habari inapokezanwa mnara kwa mnara kwa mawimbi ya redio hadi ikutane na waya uliofukiwa ardhini, na waya wa ardhini unakutana na waya uliolazwa chini ya bahari. Neno "simu" lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Wazee waliotupa neno hilo walijua wanachokisema.

Sasa, picha ya cheti cha mdogo wangu ikiondoka Newala haiondoki nzima. Inakatwakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti imeandikwa anwani ya inakokwenda na namba yake kwenye foleni. Njiani kuna mitambo inayoitwa ruta. Kazi ya ruta ni kusoma anwani na kuisukuma pakiti mbele, kwa mtambo unaofuata. Hakuna ruta inayoijua njia nzima. Kila moja inajua hatua yake tu, kama mtu unayemuuliza njia Kariakoo akakwambia nenda mpaka pale kwenye kibanda cha chipsi, ukifika uliza tena. Mwisho wa safari pakiti zinapangwa upya kwa namba zake na picha inakuwa picha. Ikipotea moja njiani, inatumwa nyingine mahali pake. Zikipotea nyingi, zinatumwa tena na tena mpaka upande mmoja unachoka kusubiri. Hapo ndipo ukurasa "unaganda".

Wazo hili la kukata ujumbe vipande lilizaliwa miaka ya 1960, kwa Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza, kila mtu kivyake. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA, California, ilijaribu kutuma neno "login" kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika herufi mbili, L na O, mtambo ukazima. Naam, ujumbe wa kwanza kabisa wa mtandao uliozaa intaneti nao ulikwama njiani! Wenzetu walijaribu tena baada ya kama saa moja na ukapita. Hakukuwa na dirisha la kufungwa saa sita usiku.

Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha kanuni za jinsi mitandao tofauti inavyoweza kuzungumza, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ukahamia rasmi kwenye kanuni hizo. Mpaka leo ndizo tunazotumia. Kanuni zenyewe hazimjui tajiri wala maskini. Pakiti ya Mkunya na pakiti ya New York zinasomwa sawasawa na ruta. Swali ni nani kalaza waya, kautoa wapi, kaupeleka wapi, na kwa faida ya nani. Na swali hilo kwetu kusini ni la zamani kuliko kompyuta.

Twende nyuma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alitembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka Masasi akiwa na kundi la watumwa walioachiwa huru, wakaanzisha kijiji. Mwaka 1882 Masasi ikashambuliwa na Wangoni, na baadhi ya wamisionari wakahamia Newala. Hawa watu walikuwa wanaandika barua sana. Barua ilichukuliwa na mtu wa miguu hadi Lindi, siku kadhaa za njia, kisha ikangoja jahazi la Zanzibar, na jahazi likangoja upepo.

Sasa tazameni kilichotokea katikati ya miaka hiyo. Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana. Habari ilichukua karibu wiki tatu kufika London, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Wakubwa wakashtuka. Kabla mwaka haujaisha, waya wa telegrafu ulikuwa umelazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, Zanzibar hadi Msumbiji, na kuendelea mpaka Durban.

Chukua ramani uangalie. Waya unaotoka Zanzibar kwenda Msumbiji kwa njia ya bahari lazima upite mbele ya Lindi na Mtwara. Ulipita, na haukutua. Mmisionari wa Newala mwaka 1883 akitaka kupeleka habari ya dharura London, kutoka Zanzibar ingekwenda kwa waya upesi kabisa. Lakini kuifikisha Zanzibar ilikuwa ni miguu na tanga kama zamani. Sehemu ndefu kuliko zote duniani ilikuwa fupi, na sehemu fupi ya kutoka Newala mpaka pwani ndiyo ilikuwa ndefu. Wataalamu wa mawasiliano siku hizi wana jina la tatizo hili, wanaliita maili ya mwisho. Mimi nikiwa Mkunya naona ni maili ya kwanza.

Mtasema hayo ni mambo ya mkoloni. Haya, twende mbele. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Kwa ajili hiyo ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli ikajikongoja miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Iliwekwa kwa ajili ya karanga. Karanga ziliposhindwa, watu hawakuonekana kuwa sababu ya kutosha ya kuiacha. Barabara nayo mnajua wenyewe. Mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, kuvuka mto Rufiji ilikuwa ni kungoja kivuko, na mvua ikinyesha basi la kusini lililala njiani.

Ndani ya miaka hiyo hiyo intaneti ikawa inaingia Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Muhimbili walikuwa wanapata barua pepe kupitia mtandao wa HealthNet, uliotumia setilaiti ndogo inayopita juu ya anga mara chache kwa siku. Kompyuta inaisubiri ipite, inaitupia barua, inapokea zake, basi mpaka ipite tena. Mwaka 1995 nchi yetu ikaandikishiwa jina lake la mtandaoni, .tz. Zikaja kampuni za kuuza intaneti, zikaja intaneti kafe za mjini ambako kaka zetu walilipa kwa dakika.

Lakini yote hayo yalipita kwenye setilaiti kubwa zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya dunia. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka. Hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu lake, na kufungua ukurasa mmoja kunahitaji maswali mengi. Bei ndiyo usiseme. Njia nyembamba, ambayo leo nyumba moja ya mjini ingeilalamikia, kampuni ililipia maelfu ya dola kwa mwezi.

Kuna kisa cha majirani zetu Kenya ninachokipenda sana. Mpaka mwaka 2000, mtu wa Nairobi akimwandikia barua pepe jirani yake wa Nairobi anayetumia kampuni nyingine, pakiti zilipanda angani, zikaenda Ulaya au Marekani, zikageuza, zikarudi Nairobi. Na Mkenya alizilipia kwenda na kurudi. Kampuni za intaneti zikaungana, zikaweka kituo chao cha kubadilishana pakiti hapo hapo Nairobi, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Kampuni ya simu ya serikali, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za nje, ikalalamika, na ndani ya wiki chache kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Sisi Tanzania tulipata kituo cha namna hiyo mwaka 2004. Mnaona? Hapo fizikia haikuwa tatizo. Lilikuwa ni suala la nani anakaa mlangoni akikusanya nauli.

Halafu ukaja mwaka 2009. Mwezi Julai mkongo wa SEACOM ukawashwa, ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na upande wa Ulaya na India. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, unaotoka Afrika Kusini hadi Sudan. Nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, mwanga unakimbia ndani yake. Pwani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imebaki nyuma ya dunia nzima, ikaunganishwa. Mikongo yote miwili kwa Tanzania ilitua Dar es Salaam.

Chukua tena ile ramani. Mkongo unaotoka Msumbiji kwenda Dar unapita mbele ya Mtwara. Ulipita, na haukutua. Ni miaka 130 tangu ule waya wa 1879, na njia ni ile ile.

Sitaki kusema uongo, serikali haikulala. Mwaka huo huo wa 2009 ulianza ujenzi wa mkongo wa taifa, ambao umevutwa maelfu ya kilomita nchi kavu na mikoa ya kusini umeifikia. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006, wa kusaidia kupeleka minara mahali ambapo kampuni hazioni faida. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini katika mikoa 26. Hayo ni mambo ya kweli na lazima yasemwe. Lakini fikiri namba hiyo inamaanisha nini: karibu miaka kumi na nne baada ya mkongo kutua, bado kulikuwa na kata zaidi ya 700 za kujengewa minara hiyo.

Jioni moja nikiwa likizo nilijaribu kumweleza bibi haya yote. Bibi hajui kompyuta, lakini anajua mabomba kuliko mimi na wewe. Wamakonde walikaa juu ya mlima kwa sababu za usalama, mbali na wateka watumwa na vita vya bondeni. Gharama yake ilikuwa maji. Udongo wa juu ni mchanga, mvua inazama yote, na maji yanatokea chini kabisa, bondeni. Wanawake wa kizazi cha bibi waliondoka alfajiri kushuka mteremko na kurudi na ndoo moja kichwani. Anayepajua pale Newala wanapopaita Shimo la Mungu, asimame ukingoni atazame chini, atanielewa.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaanza mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kwa pampu. Miaka ya 1970 Wafini wakaja na mradi wao wa maji wa Mtwara na Lindi. Maji ya visima vya Mitema, upande wa Kitangari, yakapandishwa mlimani. Bibi anasema siku bomba lilipofika, hakuna aliyesherehekea bomba. Walisherehekea koki. Kuna vijiji bomba kubwa lilipita katikati yao likienda kwingine, na wao waliendelea kushuka bondeni na ndoo. Na pampu ya bondeni ikizima, hata mwenye bomba uani hana maji.

Basi baada ya kunisikiliza, bibi akaniuliza: "Sasa huo mtandao wenu, mjukuu wangu, pampu yake iko wapi? Na koki kashika nani?"

Wadau, nimesoma miaka mitatu chuo kikuu, nimehudhuria semina za mambo ya kidijitali zenye chakula kizuri, na sijawahi kusikia swali zuri kuliko hilo.

Jibu la kwanza lilikuja lenyewe Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini, upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nilikuwa zamu. Chumba cha habari kilikuwa kama msiba. Picha haziingii, barua pepe haziendi, mhariri anazunguka na simu mkononi kama anatafuta nyuki. Nikampigia mama mdogo kumwambia nchi nzima haina mtandao. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani leo ndiyo umejua?" Siku zile chache Dar ilionja maisha ya kila siku ya Mkunya, na tukaita janga la taifa.

Jibu la pili lilikuja Oktoba 2025, kwenye uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Njia za kuingilia zikiwa chache, mikono ya kuifunga koki nayo inatosha kuwa michache. Hilo naliacha hapo, mnajiongeza wenyewe.

Tusijione sisi peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria mwaka 2025 kwamba watu bilioni 6 duniani wanatumia intaneti na bilioni 2.2 hawatumii. Kwenye nchi tajiri wanaotumia ni asilimia 94. Kwenye nchi maskini kabisa ni asilimia 23. Duniani kote mijini ni asilimia 85, vijijini 58. Hata anwani zenyewe hazikugawanywa sawa. Mfumo wa anwani wa zamani, ambao bado unatumika sana, una nafasi kama bilioni 4.3 tu. Chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipewa anwani zaidi ya milioni 16 peke yake enzi hizo zikigawiwa kama pipi, na mwaka 2017 kikaanza kuuza zake zilizozidi. Afrika ilikuja kupata chombo chake cha kugawa anwani, AFRINIC, mwaka 2005, wakati chungu kimeshakaribia ukoko.

Kuna wenzangu wataniambia: subiri, teknolojia itafika tu. Setilaiti mpya zinaruka chini, kiasi cha kilomita 550, hazina ule uchelewaji wa zamani. Kweli, Starlink ilianza huduma Msumbiji na Kenya mwaka 2023. Lakini dishi lake na malipo ya kila mwezi ni mzigo kwa mwenye mikorosho arobaini, na pampu yake iko mbali kuliko zote.

Wengine wataniambia mtandao umetusaidia, usiutukane. Siutukani. Zamani mtoto wa Newala akifuatilia karatasi zake alipanda basi mpaka Dar, akalala kwa ndugu wiki nzima, akasimama foleni, akaambiwa faili halionekani. Mtandao umeua safari ile na nauli yake. Kwa mwenye koki ni baraka kubwa. Hasira yangu iko mahali pamoja tu: tulipofungua mlango mpya, tuliufunga wa zamani siku ile ile, kabla hatujahakikisha kwamba kila mtu amefikiwa na ule mpya.

Na milango inazidi kuhama. Cheti cha kuzaliwa, ajira, leseni, chuo, mkopo. Hata korosho. Zamani wanunuzi waliweka barua zao za bei kwenye sanduku na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/25 minada ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na wakulima wanatazama bei kwenye skrini. Inaweza kuwa njia safi zaidi, sina ubishi. Lakini maana yake ni kwamba mtandao sasa si starehe ya vijana wa mjini wanaoangalia video. Ni kaunta ya serikali, ni mizani ya korosho. Asiye na mtandao hakosi burudani, anakosa huduma ambayo kodi yake imeilipia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na kila moja linawezekana bila kungoja muujiza. La kwanza, ofisi yoyote inayohamia mtandaoni ibakize dirisha la karatasi wilayani mpaka mtandao ufike kwenye kata, hata kama karatasi hiyo itaingizwa kwenye kompyuta na karani. La pili, tarehe ya mwisho isiwe tarehe ya mwisho kwa mtu ambaye ana ushahidi alianza kujaza na mfumo ukakwama. Pakiti hutumwa tena zikipotea, kwa nini mwanafunzi asipewe nafasi hiyo hiyo? La tatu, kila shule ya sekondari yenye umeme iwe koki ya kijiji, kompyuta mbili na mtu mmoja anayejua, kama ambavyo bomba la kijiji liliwekwa mahali pamoja kwanza kabla ya mabomba ya uani.

Mdogo wangu anaomba tena mwaka huu. Safari hii karatasi zake nimezibeba mwenyewe kwenye begi, juu ya basi, kutoka Newala mpaka Dar. Nilizishikilia njia nzima. Tulipovuka Rufiji nikamkumbuka yule mtu wa miguu wa wamisionari na barua zake za kwenda Lindi, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu wa kiti akanitazama vibaya.

Dirisha likifunguliwa nitazipandisha kwa dakika ishirini. Lakini pale steshenari siku ile niliona foleni ya watoto wengine, na wao hawana kaka Dar es Salaam.

Nawasilisha. Mwenye hoja, au mwenye kisa kama hiki cha kwao, asikae kimya.